Kabla hamjaipiga rangi hiyo ndege, nisikilizeni mimi fundi wa Ndeeba

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi si mtu wa kuandikaandika magazetini, mi ni fundi wa rangi za magari hapa Ndeeba, Kampala, mwaka wa 21 huu nashika bunduki ya rangi, na Kiswahili changu ni kile cha kambini maana nimekulia kwenye kota za jeshi kule Bombo kwa mjomba wangu, kwa hivo nikikosea ngeli mtanisamehe.

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji aliandika humu akasema ndege za zamani za jeshi zikistaafu na kupelekwa makumbusho zipigwe rangi mpya zing'ae, eti watoto wa shule wakija wasikute kitu kimepauka kama sufuria ya kupikia matoke, ni aibu. Nimeisoma hiyo barua nikiwa nimelala chini ya Hiace, nikacheka, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaona huyu ndugu hoja yake ina mashiko kwa upande mmoja. Ila mimi ndo mtu ambaye angepewa hiyo kazi, na pesa yake ningeila, na bado nasema hapana, msiharakishe.

Hebu tuanzie hapa hapa tunapopajua. Ukienda kununua gari kwenye bondi yoyote ya Kampala, yaani yadi ya magari yaliyotumika yanayotoka nje, muuzaji kitu cha kwanza anachokupigia kelele ni nini? "Hii haijaguswa bana, hii ni rangi ya Japan!" Na bei inapanda hapohapo. Mnunuzi mjanja hamwamini, anatoa kisumaku mfukoni anakipitisha polepole kwenye mlango, pale kinapoteleza bila kushika anajua chini kuna fila nene, gari liligongwa huko likazibwa. Akimaliza anavuta mpira wa mlango kuchungulia rangi iliyojificha pale ndani, anafungua kifuniko cha tangi, anaangalia boliti za boneti kama zimeng'atwa na spana. Haya yote ni ya nini? Ni kwa sababu kila mtu Uganda hii anajua rangi ya kwanza haidanganyi na rangi ya pili ina kitu inaficha. Kuna siku askari wa upelelezi walikuja gereji na Premio nyeupe, wakaniomba nivue mpira wa mlango wa nyuma, nikavua, chini yake bluu imetulia kama haijawahi kuona jua, mwenye gari alikuwa amesimama karibu nasi na sikumwona tena mchana ule. Bluu ya upana wa kidole tu.

Sasa mtu huyohuyo anayejua kuvuta mpira wa mlango, mpeleke makumbusho umwonyeshe ndege ya vita iliyopauka, atakwambia ipigeni rangi. Mi hapo ndo nashindwa kuelewa.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Marekani kuna ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia inaitwa Flak-Bait, aina ya Martin B-26 Marauder. Hiyo ilienda kazini zaidi ya mara 200 na ikarudi, hakuna ndege nyingine ya mabomu ya Marekani iliyofikisha safari nyingi hivo kwenye vita vya Ulaya, na bodi yake ilitobolewa na vipande vya makombora ya mizinga zaidi ya matundu 1,000, kila tundu likapigwa kiraka, siku inayofuata ikaruka tena. Iko kwenye jumba la Udvar-Hazy la Smithsonian, lile shirika kubwa la makumbusho la Marekani, jimbo la Virginia. Wale watu hawakosi pesa ya rangi, si ndio? Lakini waliamua ibaki na rangi yake ya vitani, kazi yao ikawa kusafisha na kuishikisha ile inayotaka kubanduka, na pembeni ya pua bado kuna michoro ya mabomu madogo madogo waliyokuwa wanaichora wenyewe kila ikirudi. Mimi kama fundi nikiangalia picha zake naona viraka, naona wapi mikono ilishika kila siku mpaka rangi ikaisha, naona wapi mguu ulikanyaga wakipanda. Ipige rangi mpya leo, yote hayo yanakwenda, inabaki ndege nzuri kama ya plastiki.

Uingereza nao wanayo moja, ndege ya mabomu aina ya Halifax, namba W1048. Usiku wa Aprili 1942 ilienda Norway kushambulia meli ya Kijerumani Tirpitz, ikapigwa, rubani akaiteremsha juu ya ziwa lililoganda barafu, barafu ilipoyeyuka ikazama. Ikakaa chini ya maji mpaka 1973 wapiga mbizi walipoitoa. Leo iko makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza kule Hendon, London, na sehemu kubwa imeachwa vilevile ilivyotoka ziwani, imekunjamana, imeliwa, rangi imebaki mabakamabaka. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tunajua ziwa likimeza kitu linakirudishaje. Ukiniuliza mimi, mtoto akisimama mbele ya hiyo Halifax hahitaji mtu wa kumweleza vita ni nini.

Lakini tusidanganyane pia, yule msomaji ana pahala yuko sawa, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye ugumu.

Rangi si urembo peke yake. Rangi ni ngozi. Chuma kikikosa rangi kinaliwa na kutu, aluminiamu nayo haishiki kutu nyekundu kama chuma lakini inaoza kwa namna yake, inatoa unga mweupe, inavimba pembeni ya ribiti, mabati yanaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Na ndege nyingi za zamani hazikai ndani, zinawekwa nje, getini au kwenye nyasi, zimesimama hapo na mvua yetu ya Entebbe inayokuja bila hodi na jua letu la ikweta. Halafu kuna karoli. Wasomaji wa nje ya Uganda wataniuliza karoli ni nini, ni yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni anayekaa juu ya miti ya Kampala akiangalia takataka, mavi yake yakikaa juu ya boneti siku mbili yanakula klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, mpaka chini, mi nimerudia maboneti mangapi sababu ya karoli. Sasa ndege ya chuma ikae chini ya ndege wa manyoya miaka 30, utaikuta na rangi gani?

Kwa hiyo ndege iliyokaa nje ikapigwa rangi mara nne tano na watu wa kila aina, kwa brashi, kwa rangi ya ukuta (ndiyo, rangi ya ukuta, nimeona kwa macho yangu mahali ambapo sitapataja), hiyo haina tena cha kulinda juu, ipigwe tu. Wamarekani wenyewe walifanya hivo kwa Memphis Belle. Ile ndege ya mabomu aina ya B-17 ilikuwa na jina kubwa kwa kumaliza safari 25 za vita mwaka 1943, lakini baada ya vita ikasimama mji wa Memphis miaka na miaka, mingi ya hiyo nje, watu wakaiibia vipande, ikapakwa na kupakwa tena. Ilipochukuliwa na makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton, Ohio, mwaka 2005, ikabidi waivue na kuitengeneza upya, kazi ikaisha ikaonyeshwa tarehe 17 Mei 2018. Na sikia kitu hiki. Walipoitoa rangi wakakuta kwenye bati majina ya watu yaliyokwaruzwa kwa mkono, mamia, kutoka ile 1943 ndege ilipokuwa inazungushwa Marekani kuchangisha pesa za vita na raia wakawa wanaandika majina yao kwenye bodi. Miaka yote hiyo yalikuwa chini ya rangi. Kama pale angekuwepo kijana na grinda anayelipwa kwa siku, hayo majina yangekuwa vumbi kabla ya chai ya saa nne.

Mimi nimekuwa huyo kijana. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi mteja alileta Land Rover ya zamani ya marehemu baba yake kutoka Mubende, akataka ipigwe kijani nzuri aitumie kwenye harusi. Mlangoni kulikuwa na maandishi ya mkono yamefifia, jina la shamba na sanduku la posta, herufi zimeinamia upande mmoja. Nikashika msasa namba 80 nikayala asubuhi moja, nikapiga praima, nikapiga rangi, ilitoka kama kioo wallahi. Siku ya kuchukua akaja na mama yake. Mama akaizunguka gari mara mbili, hakusema imependeza, akaniuliza, "Mwanangu, maandishi ya mzee umeyaweka wapi?" Nikamwangalia yule mama, nikaangalia ovaroli yangu iliyojaa vumbi, nikasema nitayaandika tena. Nikayaandika. Herufi zikatoka zimenyooka. Akalipa, akaondoka, hakunilaumu hata kidogo, na mpaka leo kila nikishika msasa kwanza napiga picha kwa simu, kila pande, hata gari la mtu asiyenijali.

Tuje nyumbani sasa. Entebbe, pale uwanja wa zamani, mnara wa kuongozea ndege bado una matundu ya risasi za usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja na ndege zao nne za mizigo aina ya Hercules kuwachukua mateka wa ile ndege ya Air France. Kila mtu anajua hadithi upande wao, wachache wanakumbuka kwamba askari wetu wengi walikufa pale usiku ule. Mwaka 2016 Benjamin Netanyahu alikuja hapo kukumbuka miaka 40, kaka yake Yonatan ndiye kamanda aliyefia pale. Sasa jiulize, kama mtu mmoja wa ofisini mwenye nia njema angepitisha simenti kwenye yale matundu na kupiga rangi ya krimu ili wageni wasione uchakavu, mnara ungebaki kuwa nini? Mnara tu. Iko minara mingi.

Na usiku uleule Waisraeli waliziharibu ndege za kivita za Amin aina ya MiG zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani, ili zisije zikawafuata nyuma. Chukulia kimepatikana kipande cha bawa la mojawapo. Rangi iliyoungua fundi anaisoma kama barua, upande uliotazama moto unapiga malengelenge na kugeuka mkaa, upande wa nyuma unabaki na rangi yake ila umekuwa kahawia kama mkate, na pale risasi ilipoingia rangi inaruka kwa duara na bati linakunjikia ndani, ilipotokea linakunjikia nje. Ukinipa hicho kipande nakwambia moto ulitokea wapi na risasi ilitokea wapi. Ukinipa baada ya kupigwa rangi mpya naweza kukwambia tu ni litre ngapi zilitumika.

Najua mtu atasema, lakini jeshini zile ndege zilikuwa zinapigwa rangi kila mara, kwa hiyo hiyo "original" mnayolilia ni ipi? Swali zuri, na mjomba wangu angelipenda, yeye alikuwa fundi wa rangi kwenye karakana ya jeshi. Alikata stensili za namba kwenye mabati ya debe la mafuta, akawa anagongagonga brashi, na ukiangalia vizuri namba zake, ile saba siku zote ilikuwa na tone limeteleza kidogo chini ya mguu maana alikuwa anaweka rangi nyingi hapo, sijui kwa nini. Ukiona tone la saba unajua lori hili limepita kwake. Ndo maana mi nasema original ni ile ya mwisho ndege ikiwa bado kazini, iliyopakwa na watu wa kazi hiyo kwa sababu za kazi hiyo. Tabaka za chini yake nazo ni mali, ukisugua kidogo kidogo kwa msasa laini na maji unapata pete, moja ndani ya nyingine, kama kisiki cha mti, kila pete ni amri ya mkubwa fulani aliyesema badilisheni rangi. Anayekuja baadaye kupiga kwa ajili ya maonyesho si mwenzao.

Wengine watanitajia Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Makaburi yaliungua Machi 2010 na yakajengwa tena, na hakuna aliyesema tuache majivu. Ni kweli, lakini nyasi za Kasubi tangu zamani ni za kubadilishwa, na wana wao wa kuzibadilisha, ukoo wa Ngeye ndio waezekaji kwa desturi, kazi inaendelea mkononi mwa wenyewe. Jeshi likishaikabidhi ndege, kazi imekatika hapo. Hakuna Ngeye wa MiG.

Kuna jambo jingine ambalo waheshimiwa wanaotoa tenda hawalijui, na hili nawaambia kama fundi kwa fundi wenzangu. Rangi na hasa praima ya ndege za zamani za jeshi, ile ya njano inayoelekea kijani, ina kromati ndani, vumbi lake linaleta kansa, hilo halina ubishi. Sisi hapa Ndeeba tunasugua tukiwa tumefunga leso puani. Saa na mita za ndani ya chumba cha rubani kwenye ndege nyingi za miaka ile ziliandikwa kwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani, hiyo usiikune hata kwa kucha. Halafu bati la ndege si bati la Corolla. Mara nyingi limevalishwa tabaka jembamba sana la aluminiamu safi juu ili lisioze, ukipitisha grinda umelivua hilo koti na hakuna wa kulirudisha, na ukisugua kwa brashi ya waya wa chuma, vile vipande vidogo vya chuma vinabaki vimechomeka kwenye aluminiamu na mvua ya kwanza tu vinaanza kuila. Unapaka juu, inang'aa, waziri anakata utepe, chini kazi ya kuoza inaendelea kwa raha. Na sumaku yako ya bondi hapo haikusaidii, aluminiamu haishiki sumaku.

Na kuchagua rangi pia watu wanakosea. Wanaangalia mgongo wa ndege uliopigwa na jua wanachanganya rangi ifanane na ule mpauko, wanapata rangi ambayo haikuwahi kuwepo jeshini siku hata moja. Rangi ya kweli iko ilikojificha, chini ya vifuniko, nyuma ya milango ya matairi, pale bawa linapoingia bodini. Ni ule ule mpira wa mlango.

Kwa hiyo mimi ningependa nini? Kwanza bati, na nasema bati la kuezekea. Ile pesa ya kupiga rangi ndege moja vizuri, kuvua, praima, rangi mbili tatu, mafundi, stegingi, ukiiweka kwenye nguzo na mabati ya paa ndege inapata kivuli, mvua haiifikii, karoli hamfikii, na rangi yake ya zamani inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Haipendezi kwenye hotuba, najua. Wanaojua kazi ya makumbusho wana gundi ya wazi wanayoshikisha rangi inayobanduka, na wana nta, na vyote hivo vinatoka ukivitaka vitoke, mtu wa baadaye akija na akili nzuri kuliko yetu ataanza upya. Rangi ya mafuta yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, haitoki hivo, mi naijua.

Na kama ni lazima kupiga, maana imeoza kweli na hakuna paa na hakuna pesa ya paa, basi ipigwe picha yote kabla, kila namba, kila kiraka, kila jina alilochora mtoto wa askari kwa msumari. Mviache vipande, kimoja kwenye mkia na kimoja chini ya bawa, vya ukubwa wa kiganja tu, vizungushieni masking tepu wakati wa kupiga, na mkimaliza mwekeni kibao pembeni mtoto ajue hiki ndicho cha kweli na kingine ni cha sisi.

Kuhusu watoto wa shule, ndugu yangu msomaji, mimi niliwapeleka wa dada yangu kuangalia ndege kuukuu mahali ufukweni. Ilikuwa imepigwa nyeupe safi. Wakapiga picha za dakika mbili wakataka soda. Tulipokuwa tunarudi jua limeshuka linapiga kwa pembeni, yule mdogo wa darasa la pili akasimama akasema anko, kuna maandishi. Kweli, chini ya nyeupe herufi za zamani zilikuwa zimevimba kidogo, ukizitazama mbele huzioni, ukizitazama kwa ubavu zinatoka kivuli. Tukakaa pale nusu saa tukizisoma kwa vidole, herufi moja moja, mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Mbili za mwisho hatukuzipata, aliyesugua alikazana zaidi upande huo.

Kama kuna makumbusho inayojiandaa kupiga ndege yake rangi, naomba mniite kabla, nitakuja na kamera, tochi na masking tepu yangu mwenyewe, siku moja, bure, chakula nitajitegemea.

Ni mimi,
Fundi wa rangi
Ndeeba, Kampala